Kutembezwa Mji Mkongwe nikiwa na mama: nyumba kubwa zimefungwa lakini hela yangu siijutii

Niseme ukweli kwanza, mimi mtu wa Dar na Zanzibar nimeshaenda mara nne, na mara zote nne nashuka kwenye boti, napanda gari, nakimbilia Nungwi au Paje, nalala mchangani siku mbili, narudi. Mji Mkongwe nilikuwa naupita kama mtu anavyopita stendi. Safari hii nilienda na mama na mdogo wangu wa kiume. Mama ana miaka 64, magoti yanamsumbua, na bichi hana habari nayo kabisa, alichotaka ni kuona "yale majumba" na hasa kanisa la Mkunazini ambalo analisikia tangu mtoto maana kazaliwa Muheza na kabatizwa kwa Waanglikana wa Magila. Basi tukapanga wikiendi moja ya majumba tu. Naandika hii kwa sababu kabla ya kwenda nilitafuta maelezo na karibu yote niliyoyakuta yameandikiwa wazungu, bei za kizungu, ushauri wa kizungu, sisi wa hapahapa tunaotaka kuona kwetu hakuna anayetuandikia.

Boti kutoka Dar ni kama masaa mawili, kampuni siitaji, sitaki kesi, ila ilichelewa na bahari siku hiyo ilikuwa imechafuka, mdogo wangu aliyekuwa anajifanya komando alimaliza mifuko miwili ya kutapikia na kuazima wa jirani. Ushauri mmoja, kaa upande wa kulia, na mkikaribia toka nje kama wanaruhusu. Mji wote unajipanga mbele yako pale ufukweni, minara miwili ya kanisa la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu imechomoza juu ya mapaa ya mabati, ngome, Beit al Ajaib, kasri, mpaka unafika bandarini. Mama alisimama pale ameshika chuma na mtandio unapepea akasema "kumbe ni mji kweli". Ile picha ya kwenye boti ndo picha bora ya safari nzima na haina kiingilio.

Ukishuka tu bandarini kuna papasi. Kwa wasiojua, kule vijana wanaonata kwa wageni wanaitwa papasi, kama wale wadudu wanaoganda kwenye ngozi, na jina limewakaa. Mmoja alitushika toka getini, kaanza na Kiingereza, kaona hatuitiki kahamia Kifaransa sijui alituona wa wapi, mama akamgeukia akamwambia "mwanangu sisi wa Mbagala", kijana akacheka akatupungia mkono akaenda zake. Kwahiyo dawa yao mnayo.

Sasa kosa langu. Siku ya kwanza mchana nilisema guide wa nini, nina simu, nina bando, nina ramani. Jamani. Vichochoro vya Mji Mkongwe simu haivielewi, kale kadoa ka buluu kanaruka ukuta kanakwenda kukaa sebuleni kwa watu, nyie mko njia panda ya vichochoro vinne vyote vimefanana. Tulizunguka saa moja na nusu, duka moja la michoro ya tingatinga tulilipita mara tatu, mara ya tatu mwenye duka akatuuliza kama sasa tumeamua kununua. Na kilichoniuma zaidi sio kupotea, ni kwamba tulikuwa tunaangalia kuta. Ukuta, mlango, ukuta, Vespa inakupigia honi unajibana ukutani, ukuta tena. Unajua kabisa hapa kuna kitu, dunia nzima inakuja kukiona, UNESCO wameuweka mji kwenye urithi wa dunia tangu 2000, ila huoni chochote. Mama akakaa kwenye kibaraza cha mtu akasema yeye hatembei tena mpaka atafutwe mwenyeji.

Jioni pale tulipofikia dada wa mapokezi akatupigia mzee mmoja, mtembeza watalii mwenye kitambulisho cha kamisheni ya utalii, mtu wa Malindi, kofia ya kiua, kanzu hapana, suruali na shati la kitenge na kandambili. Tulikubaliana elfu 60 kwa watu watatu kwa masaa matatu, na alikaa na sisi karibu matano. Mama alivyosikia naongea na simu "guide" akauliza kwa sauti "kwahiyo huyu ndo gaidi wetu?" na kesho yake asubuhi akamuamkia hivyohivyo, "za asubuhi gaidi wetu", mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo safari ikawa tamu.

Tulianza saa 2 asubuhi kabla jua halijakolea, na naomba mfanye hivyo, ikifika saa 5 vichochoro bado vina kivuli ila bustani ya Forodhani pale ufukweni unaiva kama samaki.

Ngome Kongwe haina mambo mengi, kuta nene na minara, ndani wazi, kuna ukumbi wa wazi ambapo tamasha la muziki la Sauti za Busara limekuwa likipigwa. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwisho wa miaka ya 1600, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Mzee akasema ngome hii imeshakuwa gereza, imeshakuwa karakana ya reli. Mdogo wangu akashtuka, reli ipi? Kumbe Unguja iliwahi kuwa na treni bwana, inatoka hapo ngomeni inakwenda Bububu, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mimi na digrii yangu nilikuwa sijui. Robo saa inatosha hapo, mkasonge mbele.

Beit al Ajaib ndo ilikuwa maumivu. Nilikuwa nimejiandaa kuiingia. Wakati tunakwenda sisi huingii, kuna uzio na mafundi, unaitazama kwa nje tu. Mzee alituhadithia tumesimama bustanini huku mama amekaa kwenye benchi. Sultan Barghash aliijenga 1883 kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni, nguzo za chuma, roshani zinazozunguka nyumba yote, na ndo nyumba ya kwanza Zanzibar kuwaka umeme na ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti, ndo watu wakaiita nyumba ya maajabu. Kwa mtu wa wakati ule umeona taa inawaka bila mafuta na kijumba kinapanda juu na watu ndani, ungeiitaje? Alafu ile vita fupi kuliko zote duniani ilipiganiwa hapohapo, tarehe 27 Agosti 1896, saa 3 asubuhi meli za Waingereza zikaanza kupiga mizinga, haikufika hata saa moja imeisha. Nyumba nyingine ya kifalme ya pembeni, Beit al Hukm, ikaenda na maji, mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika, Beit al Ajaib yenyewe ikabaki imesimama. Ule mnara wa saa unaouona kwenye picha za zamani umewekwa baada ya hapo, 1897.

Kisha akanyamaza kidogo, akasema yeye alikuwa akiwapandisha wageni mpaka roshani ya juu kabisa wakaona bahari yote. Tarehe 25 Desemba 2020, sikukuu ya Krismasi, kazi ya ukarabati inaendelea, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa na watu wawili wakafariki. Mzee alisema kwa maneno machache sana, "mizinga ya Mngereza iliikosa, yakhe". Hakuna aliyeongea mpaka tukafika kwenye mti mmoja mkubwa mbele kidogo.

Hapa nikaanza kuuliza kwanini nyumba zinaanguka, maana tulishaona magofu mawili matatu, na hii ndo sehemu ambayo ingenipita kabisa bila yule mzee. Alitupeleka kwenye nyumba moja iliyobomoka upande huko Kiponda, ukuta umekatika kama keki unaona ndani yake. Akachukua kipande akakisugua kidoleni, kikaacha unga mweupe. Mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu, basi, hakuna nondo, hakuna saruji. Ukuta una unene wa mkono mzima kuanzia bega mpaka vidole, nilipima mwenyewe. Juu yake zinalala boriti za mikoko, na boriti za mikoko hazivuki mita tatu na kitu, ndo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba, ukitaka chumba kipana mti wenyewe haukuruhusu. Mdogo wangu ni fundi wa umeme anajenga nyumba Chanika, alikaa pale anahesabu boriti na kuuliza maswali mpaka mama akamvuta shati.

Na ugonjwa wake ni maji. Paa likivuja maji yanaingia kwenye vichwa vya boriti pale zinapolala ukutani, zinaoza kimyakimya, huoni kitu mpaka siku sakafu inashuka. Mbaya zaidi ni watu kupiga plasta ya saruji juu ya chokaa. Mzee akasema chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka, ukiifunika kwa saruji ni sawa na kumvalisha mtu koti la mvua akalale nalo, jasho litatoka wapi? Baada ya hapo nikaanza kuona. Kila kona nilikuwa naona plasta ya saruji imebanduka kama gamba na nyuma yake ukuta umeloa. Ule mji wa kuta niliouona jana ukawa mji wa wagonjwa na wazima, na mimi najua nani ni nani.

Tukaja kwenye milango. Kila mtu anapiga picha milango ya Zanzibar, mimi mwenyewe ninazo kama hamsini, ila nilikuwa sijui naangalia nini. Mlango wenye juu ya mstatili ulionyooka ni wa Kiarabu, wa Kihindi una upinde juu na mara nyingi ubao wake umegawanyika vipande vinavyokunjwa. Ile miiba ya shaba inatokana na India ambako inasemekana iliwekwa kuzuia tembo wasisukume mlango, Unguja hakuna tembo wa kusukuma mlango wa mtu, kwahiyo huku ni mapambo na kuonyesha uwezo. Nguzo ya katikati panapokutana mbao mbili inaitwa mfaa. Mawimbi na samaki chini kwa mtu wa bahari, maua ya yungiyungi, mnyororo unaozunguka fremu. Kuhusu mnyororo kila guide ana hadithi yake, huyu wetu alisema ni ulinzi wa nyumba, na akasema akija mtu kuwaambia kila mnyororo ni alama ya mfanyabiashara wa watumwa mwambieni athibitishe.

Kuna mlango mmoja tulisimama muda mrefu. Mbao imekuwa nyeusi kwa mafuta na miaka, miiba mingine imepinda, mmoja haupo kabisa na badala yake wamekomea bolti ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi, inang'aa peke yake kama jino la dhahabu. Mama akapitisha mkono kwenye mfaa, nakshi zimelainika upande mmoja tu, urefu wa kifua, pale mikono ya watu inaposhika kila siku. Mlango ukafunguka. Bi mkubwa mmoja na kanga akatutazama. "Mbona munasimama mlangoni kama wadai?" Mama akamwamkia, akaitikia, wakaulizana, kumbe marehemu mumewe kasoma Tanga, basi tena, kwisha, tukakalishwa kwenye baraza la nje tukaletewa maji ya baridi kwenye jagi. Yale mabaraza ya mawe kila nyumba nilikuwa nayaona kama urembo. Mama na magoti yake ndo kayatumia kwa kazi yake, mgeni anakaa, anapewa maji, habari zinatembea, na heshima ya ndani ya nyumba haiguswi. Bi mkubwa akalalamika kidogo, sio kwa ubaya, kwamba kuanzia asubuhi hadi magharibi watu wanapiga picha mlango wake bila hodi, juzi anaanika nguo za mjukuu mtu anamuashiria asogee atoke kwenye fremu. Asogee! Mlangoni kwake. Nilifuta picha mbili palepale kimyakimya. Piga hodi jamani, Kiswahili mnacho.

Nyingine nazipitisha haraka. Ile zahanati ya zamani ya Mizingani, ya tajiri wa Kihindi Tharia Topan, kwa macho yangu ndo jengo zuri kuliko yote pale mbele, roshani zake za mbao zimekatwakatwa kama lesi, ilikamilika 1894 yeye mwenyewe keshafariki, na ilikarabatiwa miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan. Ipigeni picha asubuhi. Msikiti wa Bamnara huko Malindi una mnara wa duara unaochongoka kama pia, haufanani na mwingine wowote mjini, mzee alisimama mbele yake kifua mbele kama kaujenga yeye, mtu wa Malindi huyo. Hamamni, mabafu aliyojengewa Sultan Barghash kwa ajili ya watu wa mjini, maji hakuna siku nyingi, ila kuna ubaridi fulani ndani na vyumba vya maji moto na maji baridi unavielewa ukielezwa, bila kuelezwa ni mapango. Nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, kazaliwa Unguja 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, tuliipita nje, kulikuwa na kundi la Waitaliano wanaimba mlangoni, mama akauliza ni kanisa gani hilo. Kasri hatukuingia, nguvu za magoti tulikuwa tunazitunzia Mkunazini.

Kabla ya hapo kijiwe cha Jaws Kona, kahawa chungu kwenye vikombe vya udongo vidogo na kashata, wazee wanagonga dhumna kama wanagombana. Hii sio jengo lakini iweke kwenye bajeti, shilingi chache tu, na ndo tulipumzika.

Mkunazini sasa. Kiingilio kipo na raia tunalipa pungufu kwahiyo bebeni kitambulisho cha NIDA, na muulizie bei ya raia nyinyi wenyewe. Nasema hivi kwa sababu sehemu moja kati ya tulizoingia, siitaji, mkata tiketi alitukatia bei ya wageni wa nje akiwa anatusikia tunaongea Kiswahili mwanzo mwisho, nilipomuonyesha kitambulisho akasema hana chenji, nikasimama pale dakika ishirini chenji ikapatikana. Nyota moja imekatwa hapo.

Soko la watumwa lilifungwa 1873 na kanisa likaanza kujengwa palepale mwaka huohuo, chini ya Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza. Altare imekaa mahali panapoelezwa kuwa ndipo mti wa kuchapia watumwa ulipokuwa, kuna duara jeupe la marumaru sakafuni limezungukwa na nyekundu. Dari ni kuba moja refu kama pipa lililopasuliwa kati, la mawe ya matumbawe na saruji, halina nguzo katikati. Kuna nguzo fupi za marumaru huko nyuma karibu na birika la ubatizo zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, inasemekana mafundi waliziweka askofu akiwa safarini na yeye alivyorudi akaamua ziachwe. Mdogo wangu alicheka akasema kumbe fundi kukuharibia ukiwa haupo saiti halijaanza Chanika. Na msalaba wa mbao, ule wa mti uliotoka Chitambo huko Zambia ambako moyo wa Livingstone ulizikwa.

Mama hakusikiliza nusu ya hayo. Alikaa benchi la tatu toka mbele. Steere ndo aliyeshughulika na kitabu cha sala na kutafsiri maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, na kaburi lake lipo nyuma ya altare, na yale maneno ya sala ambayo bibi yangu alikuwa akiyasema Muheza alfajiri yalipita hapa kwanza. Mama alianza kuyasema kwa sauti ndogo, ya zamani, yale yenye Kiswahili ambacho siku hizi hatukitumii, na mzee wetu, Muislamu wa Malindi, akavua kofia akaenda kusimama mlangoni akazuia kundi la wageni kwa dakika tano akawaambia subirini kidogo kuna mtu anasali. Hakuna mtu alimwambia afanye hivyo. Kwenye elfu 60 yangu hiyo dakika tano sijui niiwekee bei gani.

Nje kuna ile sanamu ya watu watano ndani ya shimo na minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs, 1998. Wako chini ya usawa wa ardhi, unawaangalia kutoka juu, na unajisikia vibaya kuwaangalia kutoka juu, nadhani ndo alichotaka. Pia kuna vyumba vya chini, chini ya jengo la jirani, dari fupi unainama, watalii wengi wanaambiwa ndimo watumwa walimofungiwa kungoja mnada. Mzee akatueleza wazi kwamba wanahistoria wanabishana, wapo wanaosema vyumba hivyo vimejengwa baada ya soko kufungwa, kwa matumizi ya hospitali ya misheni. Akasema "soko lilikuwapo hapa, hilo halina ubishi, watu waliuzwa hapa, haihitaji kuongezewa chumvi". Hapo ndo nilimuamini kwa yote aliyosema kabla. Mdogo wangu aliingia peke yake, katoka hana utani wowote, akakaa kwenye ngazi.

Mchana tulimlipa mzee na kumuongezea kidogo, tukachukua gari kwenda kula, njiani tukapita Michenzani. Mama akasema simamisha. Yale maghorofa marefu yasiyoisha yaliyoanza kujengwa enzi za Karume kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, nguo zimeanikwa roshani zote, watoto wanacheza chini, maduka. Kwenye ramani ya watalii hayapo kabisa. Mama akasema haya ndo alikuwa akiyaona gazetini akiwa msichana, wakiambiwa Zanzibar watu wa kawaida wanapewa nyumba za ghorofa, na kwanini hakuna mtu wa kututembeza hapa? Dereva akajibu hapa mama wageni hawaji, hapa tunaishi. Darajani tu hapo, ambapo zamani palikuwa na daraja la kuvukia mkondo wa bahari kwenda Ng'ambo, ukivuka barabara unatoka kwenye mji wa picha unaingia kwenye mji wa watu. Mimi nikipata hela ya kurudi nataka kutembezwa huku.

Usiku Forodhani, sawa, nendeni, urojo mzuri, juisi ya miwa na tangawizi na ndimu nzuri sana, ila ulizeni bei kabla ya kushika chochote na kabla samaki hajatiwa kwenye moto, kuna meza moja tulikula mishikaki na kipande cha pweza hesabu ikaja kama tumenunua mtumbwi. Pweza mwenyewe mgumu.

Kwahiyo nyota 4 kati ya 5 kwa siku nzima. Mzee angekuwa peke yake ningempa 5, nyota iliyopotea ni ya mkata tiketi na ya kusafiri kwenda kuangalia uzio wa Beit al Ajaib, ulizieni kwanza kama imefunguliwa. Kwa wenye wazazi watu wazima, masaa matatu ni mengi, gaweni mara mbili, viatu vya kufungwa kwa sababu mawe ya vichochoro yanateleza yakilowa, na nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe, hiyo sio ya kuambiwa. Namba ya mzee siweki hapa sijamuomba ruhusa, ila yupo asubuhi upande wa Forodhani karibu na ngome, kofia ya kiua, shati la kitenge, kandambili. Mkimpata mwambieni yule mama wa Mbagala anamsalimia gaidi wake, na magoti yamepoa.